Mashine ya Vumbi na Mashine ya Maji

Mashine ya kwanza ililetwa Kamenu, mtaa wa Thika, ikiwa imefungwa kwenye shuka, imebebwa begani kama mtoto mgonjwa. Aliyeibeba alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili katika ploti tuliyopanga, mwanamke wa Kikikuyu aliyekuwa amefanya kazi ya nyumba kwa miaka mingi katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Meneja wa shamba alihamishwa, na mkewe akagawa vitu ambavyo havikuingia kwenye lori. Mpishi alipewa jiko, mtunza bustani akapewa viti. Jirani yangu alipewa mashine ya kufyonza vumbi, ile ya kusimama wima, yenye mfuko wa kitambaa mgongoni na brashi ya kuzunguka chini.

Aliitua mlangoni kwangu badala ya kwake. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya simiti, yangu vilevile. Katika ploti nzima hapakuwa na kapeti hata moja.

"Sasa mimi hii nitaifanyia nini?" aliniuliza.

Wakati huo sikuwa na kazi. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kilikuwa kimefunga milango, kama viwanda vingine vya aina hiyo miaka ile, mitumba ilipojaa kila soko. Nilikuwa nimekaa katika chumba cha kusokotea nyuzi tangu nilipokuwa msichana. Vumbi la pamba nililijua vizuri, jinsi linavyokaa kooni na jinsi linavyolala juu ya mota mpaka mota ikaanza kunuka. Niliigeuza ile mashine, nikafungua kifuniko cha chini kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikatoa nywele za mbwa zilizojisokota kwenye brashi. Nywele zilikuwa nyingi kuliko mbwa mmoja anavyostahili kuwa nazo. Kisha tukaichomeka kwa mama mwenye ploti, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na soketi ya ukutani, na ikanguruma.

"Wenye kapeti wapo," nilimwambia. "Ni sisi ndio hatuna."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyeketi chini akapanga.

Mimi nilizaliwa Majengo, katika nyumba ambamo bibi mmoja alisema Kinubi na mwingine Kikamba, na sisi watoto tukabaki na Kiswahili. Yeye alikuwa mtu wa Gatanga na wa kanisa. Jumapili hakugusa kazi. Mimi Ijumaa mchana sikupatikana. Tulifaana. Na kwa kuwa mashine ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, alianza kuniita muiru wangu, yaani mke mwenzangu kwa lugha ya kwao. Watu wa ploti walicheka. Mume wangu, fundi wa baiskeli asiyependa maneno mengi, alisema kwamba huyo mume wetu angalau alikuwa akifanya kazi.

Miaka hiyo, mtu wa Thika akipata kazi ya kueleweka, baada ya televisheni kitu alichotaka ni kapeti ya ukuta hadi ukuta. Walimu walikuwa nazo, manesi walikuwa nazo, watu wa benki walikuwa nazo mpaka kwenye vyumba vya kulala. Wengi walizisafisha kwa ufagio uliolowekwa. Ufagio huo huondoa makombo na kulizamisha vumbi. Ukikanyaga kapeti kama hiyo bila viatu unahisi chini yake kitu kama sukari. Sisi tulifika, tukasogeza meza na viti, tukapitisha mashine mara kadhaa, kisha tukatandika gazeti na kuumwaga mfuko mbele ya mwenye nyumba. Huo ulikuwa ubunifu wa mwenzangu. Mwenye nyumba akiuona mchanga wake mwenyewe umerundikana kwenye gazeti, hakuuliza tena kwa nini ametuita.

Mashine ile ilikuwa na nguvu zake na upumbavu wake. Kwenye kapeti ya sufu, yenye manyoya yaliyokatwa, hapakuwa na kitu cha kuishinda: brashi iliyapiga manyoya, mchanga ukaruka, mdomo ukaumeza. Lakini haikuweza kuingia chini ya kochi. Kwenye ngazi ilikuwa mzigo. Mkanda wake wa mpira ulikatika mara kwa mara, na mkanda wa aina ile haukuwahi kuuzwa Thika. Nilijifunza kuukata kutoka kwenye tyubu za baiskeli alizozitupa mume wangu. Uliokuwa mfupi mno ulichoma mota, na ulioregea haukuzungusha brashi.

Tatizo kubwa tulilijua siku tulipokwenda Ruiru kwa mama mmoja aliyekuwa akitarajia wageni wa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake. Alikuwa na kapeti mpya, ya rangi ya maziwa ya chai, iliyofumwa kwa vitanzi vidogo vidogo badala ya manyoya. Mwenzangu ndiye aliyeshika mashine. Alianzia mlangoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikipangusa miguu ya kabati, nikasikia mota ikibadilisha sauti, ikapanda, ikawa nyembamba. Sauti hiyo niliijua kutoka kiwandani: uzi umenaswa mahali na unavutwa.

"Zima!" nilipiga kelele.

Alizima. Lakini brashi ilikuwa imekwisha kukamata kitanzi kimoja, na kitanzi kikamwita jirani yake, na jirani akamwita jirani. Mstari ulikuwa umefumuka kutoka karibu na mlango hadi katikati ya chumba, mwembamba, mnyoofu, unaonyesha gundi ya chini.

Tuliutazama. Mwenzangu alifungua kifuniko, akautoa uzi wote uliokuwa umejizungusha kwenye brashi, akaukunja vizuri mkononi kama mtu anayekunja sufu ya kufumia. Kisha akaenda jikoni moja kwa moja. Nilimfuata.

"Mama," alisema, "mashine imekura uzi wa kapeti yako. Njoo uone kabla hatujafanya kitu kingine."

Yule mama alikuja akiwa na mikono yenye unga. Nilitarajia matusi, na nadhani yangekuwa haki yake. Akasema, "Nilimwambia baba yao tununue ile yenye manyoya." Kisha akasema, "Leteni meza hapa."

Tuliibeba meza kubwa ya mbao tukaiweka juu ya mstari. Sehemu iliyobaki, ile iliyotokeza kuelekea mlangoni, aliwekea kinyago cha twiga. Twiga hakuonekana kuwa mahali pake, lakini hakuna mgeni wa ruracio anayekuja kutazama twiga. Kabla hatujaondoka alitupa chai, na alipokuwa akituaga alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyinyi mkirudi ni sawa. Hiyo mkirudi nayo, sifungui geti."

Mwenzangu aliibeba mashine mpaka stendi. Hapo akasema, "Kumbe kila kapeti ina mume wake."

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza, kabla ya kukubali kazi, kapeti ni ya vitanzi au ya manyoya. Wengi hawakujua. Tulikwenda kwanza kupapasa kwa mkono.

Jambo la pili lilikuja polepole zaidi. Mwenzangu alianza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni baridi ya Julai, kwa sababu Thika Julai hufunikwa na wingu kama sufuria. Lakini Julai ilipita na kikohozi kikabaki. Kilikuja kila baada ya kazi, jioni, nikikisikia kupitia ukuta. Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya maji, akaimaliza. Alikwenda tena. Daktari alimwuliza kama anapikia kuni. Hakupikia kuni.

Sababu tuliiona katika nyumba ya mwalimu mmoja hapo hapo Kamenu. Ilikuwa alasiri, dirisha la magharibi liko wazi, na jua likaingia chumbani kama ubao ulioegemezwa. Mwenzangu alikuwa akisukuma mashine kuelekea dirishani. Nyuma yake, kutoka kwenye kile kitambaa cha mfuko, vumbi lilikuwa likitoka. Lilikuwa laini, laini kuliko unga wa sembe, linapanda kwa utulivu kupitia kwenye jua hadi usawa wa uso wake, na yeye akilivuta.

Nilimwita ageuke atazame. Aligeuka, akaliona, akazima mashine. Halikuanguka. Lilibaki limeelea vilevile.

"Kwa hivyo," alisema, "tunachukua vumbi kwa miguu yao tunaleta kwa kifua changu."

Kiwandani nilikuwa nimeona wanawake walioondoka na vifua vilivyoharibika, na hakuna aliyewafungulia dirisha wakaona. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tutafute mashine nyingine.

Kununua kitu kama hicho hakukuwa jambo la kuamua leo ukafanya kesho. Tulijinyima, tukacheza chama cha kuchangiana kwa zamu, na ikachukua muda wake. Katika muda huo mimi ndiye niliyeshika mashine na yeye alifanya kazi za maji: kusugua madoa, kufua mapazia, kusafisha makochi kwa sabuni na brashi ya mkono. Kikohozi kilipungua.

Siku tulipokwenda dukani alibeba kopo la majani ya chai lililojaa vumbi jekundu la murramu. Alilikwangua barabarani Mugutha, ambako mumewe alikuwa amenunua kiwanja. Nilipomwuliza kwa nini asichukue udongo wa hapa hapa, alisema wa Mugutha ni mkaidi zaidi.

Duka lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, mjini Thika, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuza redio, pasi, feni, na nyuma ya duka alikuwa na mashine za kufyonza vumbi. Alituonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kulala, ndogo, yenye magurudumu na bomba refu, na ndani yake mfuko wa karatasi wenye tabaka mbili. Ya pili ilikuwa pipa. Hasa pipa: la bati, lenye mota kwenye kifuniko, bomba nene kama mkono, na uwezo wa kunyonya maji pamoja na vumbi.

"Mama, hii pipa ina wati nyingi," alisema mzee. "Hii kubwa, iko nguvu sana."

"Wati nitaziona wapi?" mwenzangu aliuliza.

"Imeandikwa hapa."

"Kuandika hata mimi naandika." Akafungua kopo lake. "Uko na kapeti?"

Mzee alitazama kopo, akatazama kipande cha kapeti kilichokuwa chini ya meza yake ya hesabu, mahali alipowekea miguu. Nadhani aliamua kwamba ni rahisi kukubali kuliko kubishana. Alivuta kiti nyuma. Mwenzangu akanyunyiza murramu, akalikanyaga kwa kisigino, akalisugua liingie kabisa, na mzee akasema kwa Kihindi kitu ambacho sikukielewa.

Mashine zote mbili zilitoa vumbi. Pipa lililitoa upesi zaidi. Ya kulala ililitoa taratibu, ikirudia, lakini mwishowe kapeti ya mzee ilikuwa safi kuliko tulivyoikuta. Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nilikuwa nimevaa buibui, na buibui ni jeusi. Nilishika pindo lake nikaliweka nyuma ya mashine, pale hewa inapotokea, na nikamwambia mwenzangu anyonye vumbi jingine.

"Mama, utachafua nguo!" alisema mzee.

"Nataka kuona kama nitaichafua," nilimjibu.

Kwenye ile ya kulala, pindo lilibaki jeusi, labda kivuli kidogo tu. Kwenye pipa, lilipigwa duara jekundu la ukubwa wa sahani. Nililinyanyua, nikamwonyesha mwenzangu. Jambo lilikuwa limekwisha, kwa maoni yangu. Watu huchagua mashine kwa kutazama inapoingizia. Mimi kiwandani nilikuwa nimefunzwa na mapafu ya watu kutazama inapotolea.

"Hii ndogo," nilisema.

"Hii pipa," alisema yeye.

Tulitazamana. Nilimwambia aangalie tena nguo yangu. Alisema ameiona. Nilimkumbusha kikohozi.

"Ndiyo hiyo nasema," alijibu. "Hiyo ndogo ni nzuri, rakini ni ya vumbi. Leo mfuko ni mpya. Kesho karatasi zake zikikosa hapa Thika tutarudia ule ule moja, tuupasue tuumwage, na mimi nitakuwa pale. Pipa linakunywa maji. Mahali pako na maji hakuna vumbi. Mimi nataka kazi ya maji."

"Na kapeti kavu?"

"Kavu utafanya wewe na ile mashine ya zamani. Kifua chako kimezoea pamba."

Alisema kama utani na haukuwa utani. Mzee alikuwa akisikiliza, miwani imemshuka puani. Aliuliza kama tungependa kwenda nyumbani kushauriana kwanza na wazee wetu. Mwenzangu alimwambia wazee wetu hawajui hata kapeti ni nini, afunge pipa.

Nilikasirika, nakumbuka. Niliona amechagua kwa ajili yake peke yake, na nikabeba upande wangu wa lile pipa mpaka Kamenu nikilivuta kwa nguvu. Lakini mashine ya kwanza ilikuwa yake, na jina letu mjini lilijengwa kwa mashine hiyo, na sikuwa na hoja ya kushinda hilo. Baadaye niliona pia kwamba hoja yake ya karatasi ilikuwa ya kweli. Mifuko ya karatasi ilikuwa ikija dukani na kupotea kwa miezi.

Kazi iliyolitambulisha pipa ilitoka upande wangu. Msikiti wetu wa Majengo ulikuwa na mazulia ya zamani yaliyotolewa sadaka, na mvua za masika zilikuwa zimeingia kwa dirisha lililovunjika, mazulia yakaanza kunuka. Katibu wa kamati, ambaye alikuwa binamu ya mama yangu, aliniita.

"Nasikia mna mashine inayokausha," alisema.

"Inanyonya maji, mjomba. Haikaushi. Lakini baada yake jua linamalizia."

"Na huyo mwenzio, si Mwislamu."

"Si Mwislamu. Lakini mashine ni yake."

Alifikiri. Kisha akasema msikiti umejengwa na mafundi wa kila dini na haujaanguka. Aje, avue viatu, ajifunike kichwa. Nilimweleza mwenzangu. Nikadhani atakataa. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Kichwa nitafunika kwa leso ya kanisa ama nitaomba yako?"

Nilimpa yangu.

Tulianza Alhamisi asubuhi, ili tumalize kabla ya adhuhuri, na Ijumaa watu waswali pakavu. Tulimwaga maji ya sabuni, tukasugua safu kwa safu, na pipa likaanza kuyanyonya. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kusuuzia masufuria. Mwenzangu alitembea nyuma ya bomba hatua kwa hatua, leso yangu imefungwa vizuri kidevuni, na kila pipa lilipojaa tulilibeba wawili tukalimwaga mtaroni. Hakukohoa hata mara moja. Nililiona hilo na nadhani yeye pia aliliona, kwa sababu alianza kuimba chinichini wimbo wa kwao, akakumbuka alipo, akanyamaza.

Tulikuwa tumelowesha ukumbi wote na kunyonya nusu yake, stima ikapotea.

Mota ilishuka sauti yake yote mpaka kimya. Tulisubiri. Katibu alikwenda kuuliza maduka ya jirani. Mtaa mzima ulikuwa hauna. Mwenzangu alikaa juu ya kifuniko cha pipa, akavua leso, akaikunja mapajani.

"Mke mwenza," alisema, "kesho watu wako wataswali kwa bwawa."

Tulifanya tulichoweza. Tulikamua kwa mataulo. Tulijaribu kulinyanyua zulia la mbele tulianike ukutani, lakini zulia lililolowa ni kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Wanaume waliokuja kwa swala ya adhuhuri walisaidia, wakalisogeza kidogo, wakalirudisha. Waliswali barazani. Stima ilirudi alasiri, tukawasha, tukanyonya mpaka magharibi, lakini anga lilikuwa zito na hakuna kilichokauka.

Nilikwenda kwa katibu kumwomba radhi. Alikuwa akitawadha. Alimaliza kwanza.

"Kila nyumba hapa ina mkeka," alisema. "Au wewe kwenu hakuna?"

Ijumaa watu wa Majengo walikuja na mikeka yao wenyewe. Walitandika juu ya mazulia yenye unyevu mikeka ya kila rangi, mingine imechanika, mingine ya kulalia watoto. Niliona hayo kutoka mlango wa wanawake. Hotuba haikuutaja unyevu. Jumamosi jua lilitoka, madirisha yakafunguliwa, na kufikia Jumatatu harufu ilikuwa imekwisha. Tangu hapo tuliitwa kila baada ya Ramadhani, na makanisa mawili yakatuita kwa sababu msikiti ulituita.

Kazi ya maji ikawa ya kwake kabisa. Mimi nilibaki na ile ya kusimama mpaka mota yake ilipokufa, na chama kiliponifikia nikarudi kwa mzee wa duka nikachukua ile ya kulala. Alinikumbuka. Aliuliza kama nimekuja na udongo. Karatasi zilipokosekana nilishona mifuko yangu mwenyewe kwa kitambaa kizito cha pamba, tabaka mbili, kwa mashine ya cherehani ya jirani, nikaijaribu kwa buibui mpaka ikakubali. Nilifanya nyumba za vitanzi bila brashi, nyumba za manyoya kwa brashi, na ngazi. Tulikutana jioni kwenye bomba la maji la ploti, tukaambiana tumekuwa wapi.

Kisha mumewe akamaliza kujenga Mugutha. Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba vya kutosha, na uwanja. Alihama mwezi wa Desemba. Nilimsaidia kufunga vitu. Tulipofika kwenye pipa hakuna aliyeuliza ni la nani. Alilibeba yeye, mimi nikalifuata na bomba hadi kwenye pikapu, na ya kulala ikabaki chumbani kwangu. Tulisema tutaendelea pamoja: akipata kazi kavu atanipigia simu kwenye duka la karibu na ploti, nikipata ya maji nitamtumia habari. Tulifanya hivyo kwa muda. Lakini kutoka Kamenu hadi Mugutha na mashine mkononi ni safari, na wateja hawapendi kusubiri wanawake wawili kutoka miji miwili.

Nilimtembelea siku moja, miaka michache baadaye. Alikuwa ameacha kwenda kwenye nyumba za watu. Watu walimletea. Uani kwake kulikuwa na sakafu ya simiti aliyoimiminia mteremko, na juu yake vipande vya kapeti kutoka Githurai 45, kutoka vyumba vya kupanga, vimeletwa vimekunjwa kwenye mikokoteni na juu ya matatu. Aliviosha, akavinyonya kwa pipa, akavitundika kwenye waya. Alikuwa amenenepa kidogo. Alizungumza muda mrefu bila kukatiza kuvuta pumzi, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

"Muiru wangu," alisema, "umekuja mikono mitupu? Vua viatu, shika brashi."

Nilivua viatu. Tulisugua kipande cha mtu ambaye sikumjua, rangi ya damu ya mzee, mpaka chai ilipokuwa tayari. Aliniuliza habari za mama yangu, nikamwambia haoni vizuri siku hizi. Nilimwuliza kama Jumapili bado hafanyi kazi, akasema Jumapili kapeti zinakauka zenyewe, hiyo si kazi.

Mwaka uliofuata alinitumia salamu kupitia kwa mwanamke wa kanisa lake: mota ya pipa imeungua, anataka kwenda Nairobi kutafuta mashine nyingine, je, nitamsindikiza nikiwa na buibui langu? Nilitaka kwenda. Lakini wiki hiyo mama alikuwa amelazwa, na nilikuwa nikilala kwenye benchi la wodi. Nilituma jibu kwamba anisubiri. Hakuweza kusubiri, kapeti za watu zilikuwa zimelala zimelowa.

Alikwenda peke yake. Nilikuja kuiona mashine aliyonunua miezi mingi baadaye. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya machungwa, yenye kelele kama kinu, na bomba lililokuwa fupi mno kwa mtu wa kimo chake. Mimi nisingeinunua. Nilimwambia hivyo, akacheka, akaiwasha nisikie vizuri zaidi. Alifanya nayo kazi miaka mingi na haikuwahi kumwangusha.